Amp ya balansi kwa hedifoni: kwa mshikaji nimesikia tofauti kubwa, nataka uhakika kabla sijatoa hela

usiku_wa_manane

Wakuu habari za wikiendi. Nina swali kwa wale wanaosikilizaga mziki nyumbani kwa hedifoni. Mimi nina watoto wawili wadogo na nyumba ya kupanga ukuta kwa ukuta na jirani, kwa hiyo mziki wangu unaanza saa nne usiku watoto wakishalala, spika haiwezekani kabisa, hedifoni ndo kila kitu kwangu.

Nilichonacho: Sennheiser HD 650 niliyonunua used mwaka juzi, laptopu, kile kikebo kifupi cha Apple cha USB-C kwenda 3.5, halafu amp (kikuza sauti) ndogo ya kawaida yenye plagi ya umeme ya pini tatu ambayo fundi mmoja aliniundia zamani. Nasikiliza zaidi dansi la zamani, taarab, na jazi kidogo, mafaili ya FLAC.

Sasa ijumaa nilikuwa kwa mshikaji Tabata, yeye ana FiiO K7, amp yenye DAC ndani (kile kinachogeuza faili la dijitali kuwa sauti). Ile mbele ina matundu mawili, la kawaida la milimita 6.35 na la balansi la milimita 4.4. Akachomeka HD 650 yangu kwenye la kawaida tukasikiliza wimbo mzima, halafu akatoa kebo yangu akaweka kebo ya balansi aliyoagiza nje, volyumu hakuigusa hata kidogo ili tulinganishe kwa haki, akachomeka kwenye 4.4. Jamani. Gita la besi lilikuwa nyuma likaja mbele, kayamba nikaisikia kila punje, mwimbaji kama kasogea hatua mbili. Nilirudi nyumbani nikawasha amp yangu nikaona mziki umepoa.

Mshikaji anataka kuniuzia K7 pamoja na hiyo kebo kwa laki sita. Siyo hela ndogo kwangu. Maswali yangu: hii tofauti ni ya balansi kweli na itabaki hivohivo nikifika nayo nyumbani? Na pili, kwangu laptopu ikiwa kwenye chaja nasikia mvumo mmmm kwa mbali hata wimbo ukiwa umesimama, mshikaji anasema balansi inaua mvumo, ni kweli? Naombeni majibu ya watu waliotumia.

mzee_wa_planar

Chukua mkuu, usifikirie mara mbili. Mimi nina HiFiMAN HE6, hii kitu ni nzito kuisukuma kuliko karibu hedifoni yoyote, ukinzani wake ni ohm 50 lakini miliwati moja inakupa desibeli 83.5 tu za sauti. Kwenye amp ya kawaida niliyokuwa nayo nilikuwa naweka volyumu hadi mwisho na ngoma ikipigwa kwa nguvu sauti inapasuka, siyo kwamba ipo chini, inapasuka kabisa. Nikahamia Topping A90 kwenye tundu la balansi, volyumu haifiki hata nusu na ngoma inatua ilivyo. Kwangu ilikuwa tofauti ya kusikiliza na kutosikiliza. Tangu siku hiyo sijarudi kwenye tundu la kawaida.

fundi_wa_ukumbi

Mkuu usiku_wa_manane kabla hujatoa laki sita soma hii mpaka mwisho, mimi nafunga saundi kwenye kumbi na makanisa miaka mingi na neno balansi watu wanalichukua kutoka kwenye kazi zetu wanalipeleka kwenye hedifoni ambako kazi yake ni nyingine.

Kwenye ukumbi mikrofoni ipo mbali, kebo inaweza kufika mita 30 au zaidi, inapita pembeni ya nyaya za umeme na mataa, na kinachopita mle ndani ni sauti dhaifu sana. Kwa hiyo tunapitisha sauti ileile kwenye waya mbili, moja wima na moja imegeuzwa kichwa chini, kelele za njiani zinaingia kwa waya zote mbili sawasawa, halafu mixer inachukua tofauti ya zile waya, kelele zinafutana sauti inabaki. Hiyo ndo balansi ya kweli na bila hiyo sisi tusingefanya kazi.

Sasa hedifoni yako kebo yake ni mita tatu, amp inaisukuma kwa nguvu, na mwisho wa kebo hakuna mixer wala kifaa chochote cha kufuta kelele, kuna koili tu ya spika. Kelele gani ya njiani inafutwa pale? Hakuna. Kwenye hedifoni balansi maana yake ni kwamba kila sikio linapewa amp mbili, moja inasukuma upande chanya wakati nyingine inavuta upande hasi. Faida yake ya kwanza na kubwa ni voliti: zinakuwa mara mbili. Voliti mara mbili ni desibeli 6 juu, na kama amp ina mkondo wa kutosha basi nguvu inakuwa mara nne.

Hapo ndo penye jibu la ijumaa yako. Mshikaji hakugusa volyumu akiamini ndo haki, kumbe kwa kutoigusa amekupandishia sauti kama desibeli 6. Hiyo siyo kosa la makusudi, karibu kila mtu anafanya hivo. Sikio la binadamu likipewa kitu kilekile kwa sauti kubwa zaidi linasikia besi zaidi na trebo zaidi, hii imepimwa tangu 1933 na akina Fletcher na Munson kule Marekani, sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kwanza. Kwa hiyo gita la besi kuja mbele, kayamba kusikika kila punje, mwimbaji kusogea, vyote hivo ndo dalili hasa za sauti kupanda. Na tofauti ikiwa ndogo, desibeli moja tu au chini yake, mtu hata hasemi imepanda, anasema imekuwa safi.

Kuhusu nguvu tufanye hesabu ya HD 650 yenyewe. Ni ohm 300, na Sennheiser wanasema voliti 1 inatoa desibeli 103. Tuseme unataka vilele vya mziki vifike 110, ambayo ni kelele kubwa kwa mtu anayesikiliza usiku. Unahitaji voliti 2.24 hivi, ambayo ni miliwati 17. Kumi na saba! K7 wanaiandikia miliwati 2000 kwenye balansi na 1220 kwenye tundu la kawaida, kwa ohm 32. Hata ukichukua hizo mbili zenyewe, tofauti yake ni desibeli 2 na ushee tu, siyo 6, kwa sababu kwenye ohm ndogo mkondo unaisha kabla voliti hazijafika mara mbili. HD 650 yako haitakaribia mwisho wa tundu lolote kati ya hayo mawili.

Mzee_wa_planar yeye yuko sahihi kwa HE6 yake, ile kwa vilele vya 110 inataka karibu nusu wati na voliti kama 4.7, hapo amp dogo inaishiwa kweli na kupasuka anakosema ni kweli tupu. Lakini HE6 siyo HD 650.

Mvumo: huo unatoka kwenye njia ya analogi kati ya laptopu na amp yako ya pini tatu. Chaja ina athi, amp ina athi, kile kikebo kinaziunganisha, umeme kidogo unazunguka mle. Toa chaja utumie betri dakika tano uniambie kama mvumo upo.

Swali moja kwako: hizo HD 650 ni used, sponji za masikio zikoje? Zimelala?

Bint_Likoni

Salaam nyote. Mie naandika kwa sababu moja tu na tafadhali ndugu yangu uisome kabla hujaanza kuchomekachomeka, maana nishapata hasara hapa.

Kuna adapta za aina mbili na zafanana sana. Ya kwanza, wewe una kebo ya balansi ya 4.4 wataka kuichomeka kwenye tundu la kawaida la amp. Hiyo haina neno, pande hasi mbili zakutana kwenye plagi, na kwenye tundu la kawaida zilikuwa zishakutana tayari. Ya pili ni kinyume: hedifoni yenye plagi ya kawaida ya 3.5 au 6.35 waitia adapta ili iingie kwenye tundu la balansi. Hiyo USIFANYE. Ile plagi ya kawaida yaunganisha hasi ya kushoto na hasi ya kulia, na kwenye amp ya balansi hizo hasi siyo athi, ni mdomo wa amp mbili tofauti zinazosukuma. Zikikutana ni kama umezigonganisha vichwa. Mie nilinunua adapta hiyo mtandaoni, muuzaji kaandika yafaa kwa vyote, nikatia hedifoni ya kawaida, dakika kumi amp ikanuka kuungua upande wa kulia ukanyamaza moja kwa moja. Fundi alinambia chipu imekwenda. Amp niliyoiwekea akiba miezi mitano.

Kwa hiyo kebo ya balansi kwenye tundu la kawaida sawa, kebo ya kawaida kwenye tundu la balansi hapana.

usiku_wa_manane

Dada Bint_Likoni pole sana na asante kwa kunionya, hiyo adapta ya pili nilikuwa nimeshaiweka kwenye kapu la kuagiza, nimeitoa sasa hivi.

Fundi_wa_ukumbi asante mkuu. Nimejaribu saa hii: nimetoa chaja, mvumo umekata palepale, nimerudisha umerudi. Kumbe shida ipo kwenye chaja na athi. Ila betri ya hii laptopu imechoka, haivuki dakika arobaini, siwezi kusikiliza hivo kila siku. Sponji zimelala ndio, ukiziangalia upande wa kushoto karibu sikio linagusa ndani.

Hilo la desibeli 6 limenikaa kichwani lakini nitakuwa mkweli, bado naona nilichosikia kilikuwa kikubwa kuliko sauti kupanda tu. Nataka nijipime mwenyewe. Mshikaji amekubali kuniachia K7 wiki moja. Nalinganisha vipi volyumu sawasawa, kwa sikio?

Nakuru_solder

Sema kaka. Kwa sikio hapana, sikio haliwezi kulinganisha hiyo kitu vizuri. Unahitaji multimita na toni. Tengeneza toni ya 100 Hz, programu yoyote ya kuhariri sauti inakutengenezea, usitumie 1000 Hz kwa sababu multimita nyingi za bei ya chini zinaanza kudanganya frekwensi ikipanda. Cheza toni, pima voliti za AC kwenye tundu la kawaida, weka alama kwenye kitufe cha volyumu, hamia kwenye balansi, shusha volyumu hadi upate voliti zilezile, weka alama ya pili. Lenga tofauti isizidi asilimia moja, hiyo ni kama desibeli 0.1.

Sasa makosa matatu ambayo nimeona watu wakifanya, na la kwanza nililifanya mimi mwenyewe. Ile multimita ya njano ya DT830 ambayo kila mtu anayo, safu yake ndogo ya AC ni voliti 200, inaonyesha 0.5 au 0.6 basi, katikati hakuna kitu, kwa hiyo haikusaidii hata kidogo hapa. Tafuta yenye safu ya AC ya voliti 2, ama ile inayojichagulia safu yenyewe na kuonyesha namba tatu baada ya nukta.

Pili, kwenye balansi unapima kati ya chanya na hasi ya upande mmoja, SIYO kati ya chanya na athi. Kwenye plagi ya 4.4, ncha ni chanya ya kushoto, pete ya kwanza ni hasi ya kushoto, pete ya pili chanya ya kulia, pete ya tatu hasi ya kulia, na shina ni athi. Ukiweka waya mmoja kwenye shina utaona nusu ya voliti, utafikiri matundu yote mawili ni sawa, na utakuwa umelinganisha vibaya kabisa. Kama ni plagi ya balansi ya aina ya XLR ya pini nne basi pini 1 na 2 ni kushoto, 3 na 4 ni kulia.

Tatu, usiweke ncha za mita ndani ya tundu ukitafutatafuta, zikigusana ni shoti. Nunua plagi tupu ya 4.4, chomea waya mbili na risasi, moja kwenye ncha moja kwenye pete ya kwanza, uzipimie nje.

rafiki_wa_M50

Samahani kuingilia, mimi nina Audio-Technica M50x, naweza kununua kebo ya balansi nikaweka tu?

Nakuru_solder

Hapana kaka. Hiyo kebo yake inaingia upande mmoja na ina njia tatu tu, hasi ya kushoto na ya kulia zinakutana huko ndani. Ukitaka balansi lazima ufungue hedifoni na kuongeza waya. Na ni ohm 38, rahisi kusukuma, simu inaitosha, sioni sababu ya kuikata. HD 650 ya mwenye mada ni tofauti, kila kikombe kina plagi yake ya pini mbili, unabadilisha kebo tu.

mzee_wa_planar

Nakubali hesabu za fundi kuhusu nguvu, sikuzingatia kwamba yeye ana HD 650. Lakini kuna jambo mmeliruka. Kwenye kebo ya kawaida hasi ya kushoto na kulia wanatumia njia moja, kwa hiyo sauti ya kushoto inavuja kwenda kulia. Kwenye balansi kila upande una njia yake. Mimi nasikia uwanja mpana zaidi, vyombo vinakaa mbalimbali. Hiyo nayo ni sauti kupanda?

fundi_wa_ukumbi

Swali zuri mzee wangu na hapo una hoja ya kweli, kuvuja kupo. Tatizo ni kiasi. Kebo ya HD 650 tangu kiwandani ina waya nne hadi kwenye plagi, hasi zinakutana pale mwisho tu. Tuseme mgusano wa plagi na tundu una ohm 0.1, na hapo nimekuwa mkarimu, kwa hedifoni ya ohm 300 kinachovuja kiko desibeli 70 chini. Santuri nzuri kwenye sindano nzuri inakupa desibeli 30 hivi za kutenganisha kushoto na kulia, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba santuri ina uwanja mwembamba. Hedifoni ya ohm 32 kwa mgusano uleule inakuwa 50 chini, bado ni ndogo. Ikiwa kebo ni mbovu au ina waya tatu nyembamba za mita tatu hapo inapanda, na ningemwambia mtu abadilishe kebo.

Ila kwa mwenye mada kuna kitu kinachonifurahisha sana. Umesema unasikiliza dansi la zamani. Rekodi nyingi za enzi zile ni mono, yani kushoto na kulia ni kitu kimoja. Kama kushoto kunavuja kulia na kulia kuna kitu kilekile, hakuna kilichobadilika! Kwa hiyo chukua wimbo mmoja wa mono kabisa na mmoja wa stereo. Ukisikia uwanja umepanuka kwenye mono ujue siyo njia za waya zinazofanya hivo.

Na mzee mimi sikatai kwamba unasikia. Nimekaa nyuma ya mixer nikazungusha kitufe cha trebo nikasikia mabadiliko safi kabisa, dakika mbili baadaye nikagundua chaneli ile ilikuwa imezimwa. Tangu hapo najipima bila kuona.

Upande wa pili wa balansi ambao haiandikwi kwenye tangazo ni kwamba amp mbili kwa kila sikio maana yake kelele ya ndani, ule mlio wa ssss, nayo inapanda kidogo, na impidansi ya kutokea (ukinzani wa amp yenyewe kwenye tundu) inakuwa mara mbili. Kwa HD 650 ya ohm 300 havina maana. Kwa wale wenye vile vya kuingiza sikioni ambavyo ni vyepesi sana utausikia ssss kabla hata mziki haujaanza, na hao ndo naona wanahangaika na balansi kuliko wote.

Mswahili_Minnesota

Naongeza moja fupi kwa wanaoagizia ndugu zao kutoka huku. Angalieni umeme. Amp kadhaa za huku zinakuja na transfoma ya volti 115 peke yake, ukichomeka kwenye 230 ya nyumbani inaungua siku hiyohiyo. Kama adapta imeandikwa 100-240V hakuna shida, badilisha plagi tu. Mimi nililetea shemeji yangu moja bila kusoma kibandiko, na naumia mpaka leo kwa sababu alikuwa ameisubiri mwaka mzima.

usiku_wa_manane

Wakuu nimerudi na majibu, samahani ni ndefu ila mmenisaidia sana na nataka kila mtu aone nilivyofanya ili kama nimekosea mniambie.

Multimita nimeazima kwa fundi wa friji hapa mtaani, ina safu ya voliti 2. Plagi ya 4.4 nimechomewa risasi kama alivyosema Nakuru_solder. Toni ya 100 Hz. Tundu la kawaida kwenye volyumu ninayosikilizia: 0.500. Nikahamia balansi sijagusa kitu: 0.99. Nilikaa nikaiangalia ile namba kwa muda. Mara mbili kasoro kidogo, yani ijumaa nililinganishwa hivo. Nikashusha mpaka 0.505, chini ya hapo kitufe kilikuwa kinaruka, nikabandika karatasi za alama.

Kebo nimetumia moja tu, ile ya balansi, na kwa tundu la kawaida nikaweka adapta ya 4.4 kwenda 6.35, ile salama ya dada Bint_Likoni. Hivo hedifoni na kebo ni vilevile, kilichobadilika ni tundu. Mama watoto alikaa na K7 nyuma yangu, mimi nimetazama ukuta. Alirusha shilingi, mwenge ni kawaida, mtu ni balansi, anaandika kwenye daftari, na kila raundi anachomoa na kuchomeka upya hata kama habadilishi, na kusogeza volyumu kwenye alama, ili nisijue kwa mlio. Vipande vya sekunde ishirini. Raundi ishirini, kumi na wimbo wa mono, kumi na taarab ya stereo yenye vinanda na qanun kushoto na kulia.

Kabla ya kuanza nilimwambia nitapata kumi na nane. Niliamini hivo kwa dhati. Raundi za kwanza nne nilikuwa na uhakika kabisa, nilikuwa najibu kabla kipande hakijaisha. Tulipofungua daftari: kumi na moja sahihi kati ya ishirini. Mono sita, stereo tano. Na zile nne za uhakika nilikosa mbili.

Baadaye tukafanya tena raundi sita bila kulinganisha, alama moja ya volyumu kwa yote mawili, nikapata sita kati ya sita, na mama watoto ambaye hana habari na haya mambo alivaa hedifoni naye akapata sita. Akasema moja imekuja karibu. Maneno yaleyale niliyowaandikia mimi siku ya kwanza.

Mvumo: K7 nimeiunganisha kwa USB, chaja ipo kwenye umeme, kimya kabisa, tundu la kawaida kimya, la balansi kimya.

fundi_wa_ukumbi

Umefanya vizuri mkuu, vizuri mno. Kwa raundi ishirini ningeanza kuamini kuna kitu ukifika kumi na tano, maana mtu anayebahatisha anafika hapo au zaidi mara mbili tu katika mia. Kumi na moja ni kubahatisha.

Mvumo umekufa kwa sababu ndani ya K7 DAC na amp viko sanduku moja, ile kebo ya analogi kati ya laptopu na amp haipo tena, siyo kwa sababu ya 4.4. Hata ungetumia tundu la kawaida milele usingeusikia, na umeshaona mwenyewe.

Na tafadhali hilo la desibeli 6 usilichukulie dogo upande wa masikio. Kipimo kinachopendekezwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani (NIOSH) kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa masaa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Ukiongeza 6, masaa 8 yanakuwa 2. Mtu anayesikiliza kila usiku kwenye balansi bila kushusha kitufe anajikatia masikio bila kujua.

mzee_wa_planar

Heshima kwako mkuu. Mimi A90 yangu nina miaka nayo na sijawahi kuipima hivi. HE6 lazima ibaki kwenye balansi kwa sababu ya nguvu, hilo halibadiliki, lakini nina hedifoni nyingine nyepesi ambayo nayo niliinunulia kebo ya balansi ya bei mbaya, jumapili hii namwita mwanangu anirushie shilingi. Nitaandika namba hapa zikitoka vyovyote.

Bint_Likoni

Sasa wainunua ama wairudisha?

usiku_wa_manane

Dada nimeinunua, ila siyo kwa laki sita. Nilimpelekea mshikaji daftari lenyewe akalisoma raundi kwa raundi, akanyamaza, halafu akasema basi kebo abaki nayo yeye na K7 nichukue kwa laki nne na nusu. Naitaka kwa sababu imeniondolea mvumo na imeniondolea kikebo na ile amp ya zamani mezani, sanduku moja, tundu la 6.35, kebo yangu ya kiwandani. Voliti inazo nyingi kuliko nitakazowahi kutumia.

Hela iliyobaki nimeagiza sponji mpya za HD 650, zimefika jana. Fundi_wa_ukumbi ulivyouliza zile sponji nilidhani ni swali la pembeni tu. Nimezivaa usiku, sikio haligusi tena ndani, upande wa kushoto na wa kulia vimelingana kwa mara ya kwanza tangu nizinunue, hii sijaipima kwa shilingi kwa sababu siwezi kubadilisha sponji ndani ya sekunde kumi, lakini nimezilinganisha kwa kupima za zamani na rula, za kushoto zilikuwa zimebaki unene kama nusu ya hizi mpya. Mtoto mdogo aliamka saa sita akanikuta sebuleni, akaomba avae na yeye, nikashusha volyumu kabisa nikamwekea dansi, akalala nazo kichwani.